Kwa Nini Mtoto Anaosha Meza Iliyo Safi

Lalamiko hili walimu wa awali wa Montessori, mbinu ya kulea na kufundisha watoto wadogo iliyoanzishwa na daktari wa Italia Maria Montessori, wamelizoea, wawe Mbezi Beach, Dar es Salaam, au Kilimani, Nairobi: "Nalipa ada yote hii mwanangu aje kuosha meza?" Mzazi ana haki ya kuuliza. Ameingia darasani saa tatu asubuhi akitegemea kusikia watoto wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti moja, badala yake amekuta kimya chenye pilikapilika. Mmoja anamimina maharage kutoka kikombe hiki kwenda kile. Mwingine kavaa aproni, anasugua meza ambayo haina hata alama ya vumbi. Wa tatu kainamia fremu ya mbao yenye kitambaa cha vifungo vitano, anavifungua vyote, anavifunga vyote, anaanza tena. Mwalimu wala hasemi kitu, kakaa pembeni na daftari lake. Na huku nyumbani yupo dada anayelipwa kila mwezi kwa kazi hizo hizo.

Shule nyingi hujibu, "Tunamfundisha kujitegemea." Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu nyepesi. Kama shabaha ingekuwa kujitegemea tu, mtoto wa kijijini anayechota maji kisimani na kumbeba mdogo wake mgongoni angekuwa ameshahitimu kabla ya darasa la kwanza, bila ada wala sare. Ndani ya mazoezi haya ya maisha ya kila siku, kama yanavyoitwa na walimu wake, mna kitu ambacho hakionekani kwa kutazama meza. Kinaonekana kwa kumtazama mtoto.

Ilivyoanza San Lorenzo

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari Roma mwaka 1896. Hakuanza na watoto wa wenye nacho. Wa kwanza kuwashughulikia walikuwa watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa wamefungiwa katika hospitali za Roma, na katika kuwatafutia njia alizama kwenye maandishi ya Wafaransa wawili waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin. Kutoka kwao alipata wazo ambalo hakuliacha maisha yake yote: kwa mtoto mdogo, mkono ndio mlango wa akili.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Casa dei Bambini, Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa vibarua na wapangaji maskini. Sababu ya kufunguliwa kwake haikuwa ya kitaaluma hata kidogo. Kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya kupangisha. Wazazi wakishakwenda vibaruani, watoto ambao hawajafika umri wa shule walibaki wakizurura kwenye ngazi na kuchafua kuta. Wenye majengo wakapiga hesabu, wakaona ni nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja kuliko kukarabati kila mara. Ndivyo Montessori alivyopata watoto hamsini na ushee, chini ya uangalizi wa msichana ambaye hakuwa amesomea ualimu.

Walianza na maji na sabuni. Katika ratiba aliyoichapisha miaka miwili baadaye, sehemu kubwa ya saa ya kwanza ya siku ni ya kuingia na kusalimiana, kukaguliwa usafi, kusaidiana kuvaa aproni, na kuzunguka chumba kuangalia kama vumbi limefutwa na kila kitu kipo mahali pake. Wakati wa chakula, watoto wa miaka minne ndio waliokuwa wahudumu: wanapanga visu, wanabeba bilauri, wanapitisha supu ya moto mezani.

Kuna kisa kimoja cha siku hizo ambacho kwangu kinaeleza mbinu yote kuliko vitabu vingi vya nadharia. Siku moja Montessori aliamua kuwafundisha watoto kupenga kamasi. Aliwaonyesha namna mbalimbali za kutumia leso, kisha akawaonyesha jinsi ya kuitoa na kupenga kwa staha, bila makelele, hata wa karibu asigundue. Alilifanya somo hilo kwa mzaha kidogo, akitegemea watacheka. Hawakucheka. Walimtazama kimya, na alipomaliza wakampigia makofi, yale makofi ya ukumbini. Baadaye alifikiri sana, kisha akaelewa. Watoto hawa walikuwa wakikemewa kila siku kwa ajili ya pua zao. Kila mtu mzima aliwafokea, wengine wakawafuta kwa nguvu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akawaonyesha, kwa utulivu na bila kuwaaibisha, jinsi jambo lenyewe linavyofanywa.

Waliolelewa kwa "Futa makamasi hayo!" wanajua hasa kinachozungumzwa hapa.

Jagi mbili na sponji

Chukua zoezi la kumimina, kwa kuwa ndilo wazazi huliona la kipuuzi kuliko yote. Kwenye rafu ya chini, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaifikia bila kumwomba mtu, kuna sinia dogo. Ndani yake mna jagi mbili ndogo zinazofanana, moja ina maji, na kisponji kilichokatwa kipimo cha vidole vya mtoto. Mwalimu anamwalika: "Njoo nikuonyeshe kitu." Sinia linabebwa kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavuni, hadi mezani. Mwalimu anakaa upande ambao mkono wake hautamziba mtoto asione. Kuanzia hapo hasemi tena.

Anashika mpini, vidole vya mkono wa pili vinaitegemeza jagi chini ya mdomo wake. Anainyanyua taratibu, anaielekeza katikati ya ile tupu bila kuigusa, anamimina, anasimama. Tone la mwisho linaning'inia mdomoni mwa jagi. Analisubiri lidondoke. Ndipo anairudisha jagi wima na kuiweka chini bila kusikika. Kisha anaukagua mdomo wa jagi, anakagua sinia. Kuna tone limedondoka pembeni. Anachukua kisponji, analigusa, linatoweka. Anamimina tena, kurudisha maji yalikotoka. Kisha anasema sentensi moja: "Sasa zamu yako, utamimina kadiri utakavyo." Anaondoka.

Kimya hicho kina sababu. Mtoto wa umri huo akitakiwa asikilize maelezo na huku atazame mikono, kimojawapo kitampita. Mwalimu anayeeleza huku anaonyesha anafundisha nusu mbili, na mtoto hapati hata moja nzima.

Na kabla ya maji kulikuwa na mchele au maharage, ambavyo vikimwagika vinaokotwa tu. Kila zoezi linabeba ugumu mmoja mpya, na huo mmoja tu. Asiyeweza kubeba sinia tupu bila kugonga watu hapewi lenye maji. Asiyeweza kukamua sponji hapewi meza ya kuosha. Kukamua kwenyewe ni zoezi kamili, lenye sinia lake, bakuli zake mbili na sponji yake.

Aliyekosea nani atamwambia? Sinia litamwambia. Maji yakimwagika yanaonekana pale pale, na kisponji kipo pale pale. Mwalimu hana haja ya kusema "umemwaga," wala mtoto hana haja ya kumtazama mtu usoni ili ajue kama amepatia. Ndiyo maana vyombo vingi katika kona hii ya mazoezi ya maisha ni vya kioo na udongo badala ya plastiki, jambo linalowatia wazazi kiwewe. Kikombe cha plastiki kikianguka hakisemi kitu, mtoto anaendelea kubamiza. Cha udongo kinasema mara moja. Mtoto aliyevunja haadhibiwi, anafundishwa namna ya kuzoa vipande: wenzake wanasogea, mwalimu anashughulikia vyenye makali, mtoto analeta ufagio na kizoleo. Wiki chache zikipita darasa linavunja vyombo kidogo kuliko nyumba nyingi ninazozijua.

Meza haikuwa na uchafu

Sasa turudi kwa yule anayeosha meza safi. Zoezi hilo likifanywa kwa utaratibu wake lina hatua zaidi ya ishirini. Kuvaa aproni. Kutandika kitambaa cha plastiki chini. Kupanga vifaa kwa mfuatano wa matumizi, kutoka kushoto kwenda kulia: beseni, jagi, kisahani cha sabuni, brashi, sponji, taulo. Kwenda kuchota maji, na kuyabeba yakiwa nusu ya jagi, si pomoni. Kulowesha meza. Kupaka sabuni, kusugua kwa miduara midogo kuanzia pembe ya juu kushoto. Kuondoa povu, kukausha, kumwaga maji machafu, kukausha beseni, kupeleka taulo lililolowa kwenye kapu la kufua, kuleta kavu kwa ajili ya mwenzake atakayefuata, kurudisha kila kitu rafuni.

Mtu mzima analenga meza. Ikishang'aa, kazi imekwisha. Mtoto wa miaka minne akimaliza anatazama meza inayong'aa, halafu mara nyingi anaanza upya. Hapo ndipo mzazi anapochanganyikiwa, na hapo ndipo maana ya zoezi ilipo. Anachokijenga hakipo juu ya meza. Anajenga uwezo wa kushika mpango mrefu kichwani, kuufuata hadi mwisho bila mtu wa kumkumbusha, kujizuia asirukie hatua inayomfurahisha (povu, bila shaka), na kurudi kwenye kazi pale kelele za nje zinapomvuta. Wanasaikolojia huuita uwezo huu kujitawala kwa akili, nao ndio unaomfanya mtoto baadaye akae na hesabu ngumu dakika ishirini bila kuinuka.

Montessori mwenyewe alilishuhudia hilo San Lorenzo kwa mtoto wa miaka kama mitatu aliyekuwa akitoa vipande vya mbao vya mviringo kutoka kwenye matundu yake na kuvirudisha. Alimhesabia, akarudia zaidi ya mara arobaini. Alijaribu kumvuruga: akawaambia watoto wengine waimbe, akamnyanyua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Mtoto alikumbatia zana zake mapajani, akaendelea. Alipoacha, aliacha mwenyewe, akainua uso kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Tangu siku hiyo kumkatiza mtoto aliyezama katika kazi likawa kosa kubwa kuliko yote ambayo mwalimu wa Montessori anaweza kulifanya, na hata kumsifu ni kumkatiza. "Hongera, umejitahidi!" ya mwalimu mwenye nia njema inatosha kabisa kumtoa mtoto kwenye kazi yake na kumfanya aanze kumfanyia mwalimu.

Kuna na faida za mkono, ambazo walimu huzitaja zaidi kwa kuwa ni rahisi kuzieleza kwenye kikao cha wazazi. Vidole vitatu vinavyochambua mchele ndivyo vitakavyoshika penseli. Kusugua kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, ni njia ileile macho yatakayopita juu ya ukurasa. Mwaka 2002 Audrey Rule na Roger Stewart walionyesha kwamba watoto wa chekechea waliopewa shughuli za koleo ndogo, vijiko na vifaa vya namna hiyo walipata wepesi wa vidole kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Kuhusu faida kubwa zaidi, inafaa mtu awe mwangalifu. Utafiti unaotajwa sana ni wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, uliochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la Science. Ulifanyika Milwaukee, Marekani, ambako nafasi za shule ya umma ya Montessori ziligawiwa kwa bahati nasibu, hivyo waliopata wangeweza kulinganishwa na waliokosa bila kusingizia kwamba wazazi wa kundi moja ni wasomi zaidi. Watoto wa miaka mitano wa Montessori walikuwa mbele katika hatua za mwanzo za kusoma na hesabu, na katika kipimo cha kujitawala ambapo mtoto anapanga kadi kwa kanuni moja kisha ghafla anatakiwa abadili kanuni. Ni matokeo mazuri. Lakini yalipima Montessori nzima, pamoja na zana za herufi, za hesabu na darasa la rika mchanganyiko. Anayekuambia sayansi imethibitisha kwamba kuosha meza peke yake kunaleta alama za juu anakuuzia shule.

Ugunduzi mwingine wa Lillard na wenzake, wa mwaka 2018, umenigusa zaidi kwa urahisi wake. Waliwauliza watoto wadogo kama wangependa kufanya jambo kweli au kuliigiza: kupika kweli au kuigiza kupika, na mengine ya namna hiyo. Wengi walichagua kweli. Vyombo vya jikoni vya plastiki tunavyowanunulia Kariakoo huenda vinatupendeza sisi zaidi.

Kutumwa na kufanya

Hapa ndipo penye fundo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Watoto wetu hawajawahi kukosa kazi. Beatrice na John Whiting, katika utafiti wao wa watoto wa jamii sita za dunia uliochapishwa mwaka 1975, walikuta watoto wa Wagusii wa Nyansongo, Kenya, wakiwa miongoni mwa wenye majukumu mengi ya nyumbani, na miongoni mwa walioonyesha zaidi moyo wa kusaidia na kuwajali wengine. Mwaka 1973 Carol Ember aliandika kuhusu wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosa dada nyumbani, walipewa kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana. Wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao na walifanana zaidi na wasichana katika kusaidia. Yaani kabla Montessori hajawa bango la shule ya kulipia, kazi ya nyumbani ilishakuwa inalea watu huku kwetu.

Basi tofauti ni ipi? Mtoto anayetumwa anafanya kazi ya mwingine, kwa wakati wa mwingine, kwa kasi ya mwingine. "Kimbia dukani, mate yasikauke." Anajifunza kwa kuangalia wakubwa, anajifunza sana, na anajua kwamba asipochota maji wengine watakosa kupika, jambo ambalo darasa la Montessori haliwezi kumpa kikamilifu. Huo ni uzito wa kweli, na nadhani walimu wetu wanaudharau mno. Ila mara chache ataonyeshwa jambo polepole, mara chache ataruhusiwa kulirudia kwa kuwa tu amelipenda, na karibu kamwe hataachiwa alimalize kwa mwendo wake. Akimwaga atapigwa kofi. Akichelewa atanyang'anywa: "Lete hapa, unanichelewesha."

Darasani mtoto anachagua kazi yoyote aliyokwisha kuonyeshwa. Anakaa nayo kadiri apendavyo ndani ya kipindi kirefu cha asubuhi, ambacho kwa utaratibu wa Montessori ni saa tatu mfululizo bila kengele. Kila kifaa kipo kimoja tu, kwa hiyo mwenzake akikitaka atasubiri, na kusubiri nako ni somo. Wavulana wanafua leso kama wasichana, hakuna anayeshangaa hadi siku ya wazazi.

Kinaya ni kwamba anayeyahitaji zaidi mazoezi haya ni mtoto wa mjini wa tabaka la kati, yule aliyezungukwa na watu wa kumfanyia. Ana miaka mitano, bado analishwa mbele ya katuni, viatu anavalishwa akiwa amesimama huku kashika simu. Hajanyimwa upendo. Amenyimwa nafasi. Mtoto wa kijijini akija kwenye darasa hilo hilo, kona ya maji ataimaliza haraka, na kitu kipya kwake kitakuwa kile kingine: kwamba kazi hii ni yake, na hakuna atakayemharakisha.

Ungo, chelewa na udhu

Sehemu kubwa ya zana za Montessori zina vipimo maalumu. Mnara wa waridi, kwa mfano, ni michemraba kumi ya mbao, wa kwanza sentimita moja kila upande, wa mwisho sentimita kumi, na ukiichonga ovyo umeua zoezi. Mazoezi ya maisha hayako hivyo. Yanatakiwa yatoke kwenye nyumba anayoishi mtoto. Montessori alipokwenda India mwaka 1939, na vita vikamkalisha huko miaka kadhaa, darasa halikuhitaji kujifanya la Roma.

Kwa hiyo seti za kumimina zinazoagizwa kutoka nje, zenye jagi za kaure zilizochorwa maua, ni anasa. Soko la karibu lina kila kitu. Kuchambua mchele kwenye sinia, kutoa mawe na chuya, ni zoezi la vidole ambalo sidhani Ulaya wana lenye kulipita, kwa kuwa lina sababu: mchele huo utapikwa. Kupepeta kwa ungo mdogo kunadai viwiko na viganja vielewane. Kutwanga kwenye kinu kidogo cha viungo, kumenya karanga, kumenya yai la kuchemsha, kukata ndizi mbivu kwa kisu butu kisha tango kwa chenye makali kidogo, kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa uliokatwa urefu wa mtoto, kukunja leso nusu halafu robo kwa kufuata mstari ulioshonwa. Mbuzi ya nazi mimi ningeiacha mpaka mtoto atimize sita, tena mwalimu akiwa kakaa ubavuni, ingawa najua bibi wengi watanicheka.

Na kwa watoto wa Kiislamu, hasa wa pwani, kuna mfano ambao sijui kwa nini hautajwi kwenye semina za walimu: udhu. Viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, miguu, kwa mfuatano usiobadilika, kwa maji kidogo, bila israfu. Mtoto anayejifunza kutawadha kwa birika karibu na babu yake anafanya kila kitu kilichoelezwa hapo juu kuhusu meza.

Adabu nazo zimo ndani ya kona hii, na ndizo zinazohitaji mkono wetu zaidi. Jinsi ya kupiga hodi na kusubiri, kupita mbele ya watu wanaozungumza, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kumwamkia mkubwa, kufunga mlango bila kuubamiza, kumhitaji mwalimu anayeongea na mwingine (unaweka mkono begani mwake, unangoja). Siri yake ni saa ya kufundisha. Adabu hizi hufundishwa wakati hakuna aliyekosa, kwa kuigiza, watoto wachache wamekaa duara na kila mmoja anapata zamu. Linganisha na tunavyofundisha shikamoo: mgeni kashaingia, mtoto kaganda nyuma ya sketi ya mama, na sauti inatoka juu, "Msalimie shangazi! Leo umekuwa bubu?" Pale hakuna kinachofundishwa isipokuwa kuogopa wageni.

Bango halitoshi

Elimu hii si ngeni kwetu. Tanzania ina vyuo vya ualimu wa Montessori vilivyoanzishwa kwa juhudi za masista wa Kikatoliki, Lushoto kikiwa miongoni mwa vinavyojulikana, na wahitimu wake wanafundisha hadi parokia za vijijini. Kenya, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 na 2008, mradi wa Corner of Hope ulianzisha madarasa ya Montessori kwa watoto wa wakimbizi wa ndani karibu na Nakuru, ukiwafundisha ualimu watu wa jamii hiyo hiyo. Umaskini peke yake, basi, hauzuii.

Kinachopotosha ni bango. Jina Montessori halina mwenyewe. Marekani suala hilo lilifika mbele ya mamlaka ya alama za biashara mwaka 1967, na ikaamuliwa kwamba hakuna chama kinachoweza kulihodhi. Yeyote anaweza kuliandika ukutani, na wengi wanaliandika. Tofauti si ndogo: Lillard alipolinganisha, mwaka 2012, madarasa yaliyofuata mbinu kwa ukamilifu na yale yaliyochanganya na vitu vingine, watoto wa yale ya kwanza ndio waliopiga hatua zaidi katika mwaka huo wa shule.

Ukitaka kujua unalipia nini, usiende siku ya maonyesho. Omba ukae kwenye kona ya darasa siku ya kawaida, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne, simu mfukoni. Hesabu mara ngapi mwalimu anapaza sauti. Angalia kama mtoto aliyemwaga anamtazama mwalimu kwanza au anakwenda moja kwa moja kuchukua kitambaa. Angalia kama mwalimu, mtoto akishaondoka, anairudia kazi yake ili ipendeze. Kumrudia mtoto kazi mbele ya macho yake ni kumwambia kwamba yake ilikuwa mchezo. Kisha kabla ya kuondoka pitia rafu ya vyombo vya maji. Saa nne asubuhi sponji zinatakiwa ziwe zimelowa, kapu la vitambaa vichafu liwe na vitu ndani yake, na jagi moja au mbili ziwe na ufa. Ukikuta kila sinia limekaa kavu, linang'aa, jagi zimepangwa kama dukani, muulize mwalimu mara ya mwisho zilitumika lini.